Mkebe wa Kitambaa Chekundu

Mchicha huota siku ya nne. Ukichelewa sana, siku ya sita. Ukifika siku ya kumi na kitalu bado kimekaa kimya, ujue hapo pana jambo, na Jael alikuwa amefika siku ya kumi na mbili. Aliinama, mkono mmoja kiunoni, akafunua nyasi alizofunikia kitalu, akachungulia. Udongo. Udongo mweusi, mzuri, aliouchanganya mwenyewe na mbolea ya mbuzi, na juu yake hapakuwa na hata jani moja.

Akafunua kitalu cha pili. Cha tatu hakukifunua. Alikaa chini pale pale, kwenye majimaji, na leso yake safi.

Kilichomkalisha chini si hasara ya mbegu. Mbegu zilikuwa zimemgomea mwaka mzima na zaidi. Kilichomkalisha ni kwamba Faith hayupo. Faith, mkaza mwana wake, aliyesemwa kuwa ana kisirani, kuwa mkono wake ndio unaoua mbegu, alikuwa ametimiza wiki saba tangu afukuzwe katika mji wa Jael. Vitalu hivi vitatu alivisia Jael peke yake, baada ya Faith kuondoka, wala hakuna kiumbe mwingine aliyevigusa. Na havikuota.

"Basi si yeye," alisema kwa sauti, na hapakuwa na wa kumjibu ila kuku.

Watu wa Mtongwe wamelisimulia jambo hili kwa namna zao, na namna zao zote zinamwacha Jael akiwa mtu wa haki. Hakuwa, na yeye mwenyewe leo hatakubali umwite hivyo.

Jael alikuwa mjane, na miche ndiyo iliyomsomeshea mwanawe. Mchicha, mnavu, sukuma wiki, bilinganya: alisia, ikaota, mingine akawauzia wenye mashamba ingali michanga, mingine akaikuza, akaivusha kwa feri hadi soko la Kongowea. Miaka ishirini alifunika vitalu vyake kwa makuti ya minazi ya jirani. Halafu jirani akauza shamba, minazi ikakatwa yote kupisha nyumba za kupangisha, na Jael akatafuta kitu kingine cha kufunikia. Hakwenda mbali. Kando ya barabara ya Dongo Kundu kulikuwa na nyasi ndefu zenye makali, nyasi za kuezekea, zile zile zilizokuwa paa la nyumba ya mama yake huko Kaloleni. Alipoziona alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Alizikata mbichi, akazibeba kichwani, akafunika vitalu na kumwagilia juu yake, maji yakachuruzika majanini mpaka udongoni. Asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

Mwezi huo huo Kadenge, mwanawe wa pekee, alimleta Faith nyumbani.

Na lisemwe mapema, kwa sababu ndilo linalouma: Jael alimpenda yule msichana. Hakujaliwa binti, na Faith alimwita mama tangu siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu. Jioni alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi huku akimcheka jinsi visigino vilivyopasuka. Mimba ya kwanza ya Faith ilipofika miezi minane, mtoto akazaliwa hana pumzi, ni Jael aliyempikia uji, ni Jael aliyemkanda kwa maji moto, ni Jael aliyelala naye chumba kimoja wiki tatu nzima ili asilie peke yake.

Lakini mbegu hazioti. Kitalu kimoja, cha pili, cha sita. Na Faith ndiye aliyekuwa akisia, maana mgongo wa Jael ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Ikafika siku Jael alipokwenda Kongowea na kikapu nusu, akakaa ubavuni mwa Mwanatatu, mwenzake wa biashara wa miaka mingi.

"Haya yalianza lini, dada?" Mwanatatu akamuuliza.

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

"Na mkaza mwana ulimpata lini?"

Mwanatatu aliendelea kufunga mafungu yake ya mchicha. "Kuna mikono, dada. Mimi sisemi kitu. Lakini kuna mikono ambayo kitu kikipita hapo hakitoki kizima. Na mtoto naye si ilikuwa vile vile?"

Mimi sisemi kitu! Wanaosema hivyo ndio wanaosema vyote. Jael alirudi na neno lile, akalala nalo, akaamka nalo, na asubuhi akamkataza Faith kugusa mbegu.

Faith hakulia. Alisema kwa adabu, "Mama, nimepaangalia pale tunapokata zile nyasi. Chini yake hapaoti kitu kingine. Hata mchunga, hata magugu. Shuleni kwenye somo la kilimo tulifundishwa kuna mimea ina dawa ndani yake, kwenye majani na mizizi. Ikinyeshewa, ile dawa inashuka udongoni, mbegu za wengine zikashindwa kuamka. Inajilindia nafasi yake. Labda sisi tunazimwagilia mbegu dawa hiyo kila siku."

"Nyasi zilizonisitiri mimi na ndugu zangu sita," Jael akasema, "leo ndizo mchawi? Ukikosa wa kumsingizia utasingizia hata majani."

Tangu hapo Faith hakuzitaja tena nyasi. Na vitalu, hata Jael aliposia kwa mkono wake, viliendelea kukataa. Akajiambia ni kwa sababu yule mwenye kisirani yungali pale nyumbani, anavipita, anavitazama. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi sababu.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa Jumatano. Jael alizunguka nyuma ya bafu kutafuta kuku aliyekuwa akitaga porini. Pale, kwenye kona ambayo watu hawapiti, aliona mikebe miwili ya maziwa ya unga imefukiwa mchangani hadi shingoni. Mmoja umefungwa kitambaa chekundu. Mwingine cheupe. Kando yake chupa ya maji ya rangi ya chai, vipande vya nyasi vinaelea ndani.

Mtu wa bara angeona mikebe miwili. Jael aliona fingo, dawa izikwayo uani ili wenye mji wasifanikiwe. Nyekundu na nyeupe ni rangi za kilinge cha mganga. Hakuna mtoto wa Kaloleni asiyezijua. Miaka arobaini alikuwa ameimba kwaya kanisani, na yote ile haikumsaidia kitu siku ile. Alipiga ukemi.

Watu walikuja, kwa kuwa kwa ukemi watu huja hata chungu kikiwa kinaungua. Faith alitoka jikoni mikono imejaa unga.

"Mama, ni mbegu tu."

"Mbegu gani zinazofungwa kitambaa chekundu? Mbegu gani zinazofichwa nyuma ya bafu?"

"Nilificha kwa sababu ulinikataza. Mama, naomba. Zimebaki siku mbili. Nipe siku mbili tu."

Hakuna aliyeuliza siku mbili za nini. Jael alichukua jembe, akaipondaponda mikebe mpaka ikawa bapa, na mtu mmoja akaleta mafuta ya taa. Chupa ilipasuka motoni kwa kishindo, umati ukarudi nyuma, na wengine wakasema, mmeona? Faith alitiwa mfuko wake mkononi. Mlangoni alisimama, akaifungua leso yake, akaifunga upya tumboni, mara mbili, kwa utaratibu, kama mtu mwenye safari ndefu. Halafu akaenda.

Kadenge alikuwa kazini, kwenye mizigo ya uwanja wa ndege. Aliporudi jioni alimsikiliza mama yake hadi mwisho. "Mama," akasema, "uliyemfukuza ni mimi." Akakusanya nguo zake. Tangu siku ile yeye na mkewe walipanga chumba Port Reitz, na kila Jumapili alimpigia mama yake simu.

"Umekunywa dawa ya presha?"

"Nimekunywa."

"Haya, mama." Na simu ikakatwa.

Ndivyo ilivyokuwa hadi asubuhi ile Jael alipokaa chini kwenye maji, vitalu vitatu vimemkataa na hana wa kumlaumu.

Juma lile alikwenda Timbwani kwa Bi Kuluthum, fundi wa cherehani, ampunguzie joho la kwaya. Alikuwa amekonda, likawa linamvuka mabegani. Habari za fingo hazikuwa zimefika Timbwani, au zilifika bila jina la mtu.

"Faith yu hali gani?" Bi Kuluthum akauliza, pini mdomoni. "Mwana mwema yule. Zile mbegu zake zalimea?"

"Mbegu zipi, Bi Kuluthum?"

"Za kwenye mikebe. Si alikuja hapa kutaka vitambaa! Akanambia, 'Bi, nipe rangi mbili zozote, nisije nikasahau mkebe upi ni upi.' Mmoja ataka kuutilia maji matupu, wa pili maji aliyorowekea nyasi. Ataka kujua kama ni nyasi ndizo zenye kuzuia mbegu." Bi Kuluthum alitoa pini mdomoni, akaichomeka begani mwa joho. "Nalikuwa nashona jezi za skuli, nyekundu na nyeupe, ndivyo vipande vilivyosalia. Lau ningalikuwa na kijani na buluu, wallahi ningalimpa kijani na buluu."

Jael alishika meza ya cherehani.

"Alisema kitu kingine?"

"Alisema, 'Nataka mama aone kwa macho yake, kwani nikisema mimi haniamini.' Nikacheka. Nikamwambia, wakwe ndio walivyo." Ndipo Bi Kuluthum alipomtazama vizuri. "Mama Kadenge, waumwa?"

"Nipe vitambaa viwili," Jael akasema. "Vya rangi zile zile."

Nyumbani alitafuta mikebe miwili ya maziwa. Aliijaza udongo mmoja usiowahi kufunikwa nyasi, akasia mbegu za pakiti moja, akafunga kitambaa chekundu na kitambaa cheupe. Alikata nyasi, akaziloweka ndooni siku nzima hadi maji yakawa rangi ya chai. Mweupe aliutilia maji ya bomba, mwekundu maji ya nyasi. Hakuificha nyuma ya bafu. Aliiweka mbele ya mlango wa nyumba, mchana peupe, wapita njia waione na waseme watakalo. Wakasema.

Siku tatu alikuwa akiomba mambo mawili yanayopingana. Akiomba mkebe mwekundu uote, ili asiwe na hatia. Na akikumbuka ile sauti, nipe siku mbili tu, anaomba usiote, ili Faith awe na haki. Siku ya nne alfajiri alitoka na kanga ya kulalia. Kwenye mkebe mweupe mchicha ulikuwa umesimama, vijani viwili viwili, vyekundu kwa mbali, mwingi hata udongo hauonekani. Kwenye mkebe mwekundu hapakuwa na kitu.

Akangoja siku ya tano, ya sita, ya saba. Hapakuwa na kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa akikibeba kichwani kila wiki, kimefungwa kamba, huku akiimba. Jael alilia siku ile jinsi ambavyo hakumlilia hata mumewe. Alilia kwa aibu kwanza. Halafu aibu ikaisha, akaendelea kulia kwa sababu alimtaka yule msichana arudi, amkande miguu, amcheke visigino.

Jumamosi aliiweka mikebe yote miwili kikapuni, akapita ile ile barabara ya Dongo Kundu, nyasi zake zikimpungia pande zote mbili, akafika Port Reitz. Alielekezwa ploti waliyopanga. Faith alikuwa uani akianua nguo. Alikuwa amepungua mwili.

"Shikamoo, mama," akasema. Akamletea kigoda, akamletea maji kwa mikono miwili, kama mgeni.

Jael hakukaa. Alipiga magoti kwenye saruji, mtu mzima wa miaka sitini na tatu mbele ya binti wa watu.

"Inuka, mama," Faith akasema upesi. "Wapangaji wanatazama. Tafadhali inuka."

Akamwinua, akamkalisha. Jael akatoa mikebe. Faith aliiona, akainama. Alipitisha kidole juu ya miche ya mkebe mweupe. Alifukua kidogo ule mwekundu, akatazama.

"Uliloweka siku ngapi?"

"Moja."

"Mimi mbili. Kumbe hata moja yatosha." Na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa zamani, uso wa mtu aliyefurahia kujua jambo. Jael aliuona, akasogeza kigoda karibu.

"Nimekukosea, mwanangu. Nimekukosea mbele ya watu na nitakuomba radhi mbele ya watu wale wale. Rudi nyumbani."

Uso ule ukaondoka. Faith alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zilizoanuliwa zimejaa mapajani.

"Zilikuwa zimebaki siku mbili," akasema. "Nilikuwa nazingoja kwa hamu kubwa, mama, kwa sababu nilikuwa na habari mbili za kukupa. Nilikuwa na miezi mitatu. Sikutaka kukwambia kabla, nikaona utaogopa, utasema mkono huu utamuua na huyu. Nikasema, acha kwanza mama aone kuwa mkono wangu hauna kitu. Kisha ndipo nimwambie, tufurahi pamoja."

Jael alitazama leso iliyofungwa tumboni. Ilikuwa imekaa bapa.

"Ilitoka wiki ile ile," Faith akasema. "Chumba hiki hiki. Daktari alisema hutokea, si kosa la mtu. Kuna siku namwamini, kuna siku siwezi."

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Jael mjukuu hakumpata. Yalikuja majuto peke yake. Faith aliondoa nguo mapajani, akasogea, akamshika mkono, na huo wema ndio uliomchoma Jael kuliko kitu chochote alichoambiwa.

"Nimekusamehe, mama. Sikudanganyi. Lakini kurudi siwezi. Nilikuomba siku mbili, ukaninyima, ilhali ulinijua."

Walikaa hivyo hadi kivuli cha ukuta kikawafikia. Jael alipoinuka kuaga, Faith alimrudishia mkebe mweupe. "Huu nenda nao, ukaipandikize miche, isije ikabanana ikafa. Ule mwekundu niachie. Kuna jambo sikulimaliza. Nataka kuzitilia maji safi nione kama mbegu zimekufa au zimelala tu."

"Kama zimelala zitaota?"

"Zikioshwa, huenda zikaota. Sijui."

Hakuahidi kitu. Lakini mwenye kiu haulizi kikombe ni cha nani. Jael alilichukua neno lile, 'huenda', akaenda nalo Mtongwe. Jumapili baada ya ibada aliomba nafasi, akasimama na kusema mbele ya kanisa zima alichokifanya, jina kwa jina. Wengine walimpa pole. Wengine walisema nyasi haziwezi, huyo amelishwa kitu. Nyasi zote alizitoa vitaluni, akaziacha zioze mbali kando ya njia. Akatia udongo mpya, akasia upya, akafunika vitalu kwa magunia makuukuu, akamwagilia maji matupu. Siku ya tano mchicha ulitoka kwa fujo, vitalu vyote, mwingi ambao mtu mmoja mwenye mgongo mbovu hawezi kuupunguza.

"Umekunywa dawa ya presha?" Kadenge akauliza Jumapili iliyofuata kwenye simu.

"Nimekunywa. Ule mkebe, umeota?"

"Bado, mama. Anautilia maji kila siku."

Kila siku! Wiki ile Jael aliimba akipandikiza. Jumapili ya pili aliuliza kabla hajasalimiwa, akajibiwa bado. Alimwambia Kadenge amwambie mkewe aweke juani asubuhi tu, mchana kivulini, na Kadenge akasema Faith anajua.

Jumapili ya tatu simu ilichelewa. Ilipolia, Jael alikuwa ameishika mkononi, kidonge cha presha kiganjani, kikombe cha maji kando.

"Mama, ameufukua leo asubuhi. Zimeoza." Kadenge alikohoa. "Udongo ameumwaga."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Nje ya dirisha mchicha ulikuwa umekolea, kijani kitupu mpaka ukutani, na nusu yake ulikuwa umeshaanza kutoa maua kwa kukosa wa kuuchuma.

"Yuko hapo?" Jael akauliza.

"Yupo."

"Mwambie..." Alikiweka kidonge kando ya kikombe. "Mwambie mkono wake hauna kitu."

"Anajua, mama," Kadenge akasema. "Alijua tangu mwanzo."